Tupeane uzoefu: matembezi ya jioni kando ya mto mkavu, miji ya bara kule Australia

Msukuma wa Bourke
Wakuu habari za jioni, au za mchana kwa mlioko nyumbani. Naona nyuzi kibao za Sydney na Melbourne, kodi ya nyumba, viza, sijui nini, ila sisi tuliotupwa huku ndani kabisa hatuna hata mmoja. Basi naanzisha.

Mimi niko Bourke, New South Wales, kama kilomita 800 kutoka Sydney. Nilikuja kwa kazi ya machinjio nikakuta ule ukame wa 2017 mpaka mwanzoni mwa 2020 ndo umepamba moto. Huku ukitoka shifti hakuna pa kwenda, baa zipo lakini mimi sio mtu wa baa, kwa hiyo jioni ilikuwa ni mtoni tu. Mto wenyewe ni Darling, wenyeji Wabarkandji wanauita Baaka. Sasa mji umezungushiwa tuta la udongo la kuzuia mafuriko, yaani unapanda juu ya kitu kilichojengwa ili maji yasiingie mjini, unaangalia chini unaona tope limepasuka, vidimbwi vya maji ya kijani na matairi ya gari. Halafu kuna gati la mbao, refu kwelikweli, wamelijenga upya kwa mfano wa lile la karne ya 19. Enzi hizo meli za mvuke zilikuwa zinapanda mpaka hapa kubeba sufu ya kondoo. Mi nilidhani wananitania, meli? Hapa? Mpaka nilipoona picha zimetundikwa ukutani dukani.

Kilichonisumbua mwanzoni ni jua. Sisi tumezoea saa moja giza, watu wanaoga wanakula. Huku Desemba saa mbili usiku inapita jua bado liko juu ya miti linakuchoma shingo, na nzi wanataka kuingia mdomoni. Ila likishazama hewa inabadilika unapata saa nzima ya kutembea vizuri, kasuku weupe wanarudi mitini wanapiga kelele mpaka husikii simu.

Na pale gatini kuna mzee mmoja mwenyeji alikuwa anakuja na kiti chake cha kukunja na mshipi wa kuvulia, hautupi, hakuna pa kuutupa. Nikamuuliza mzee unafanya nini, akasema nimekuja mtoni. Baada ya hapo alinipa somo la pamba na mashamba ya juu yanavyokula maji ya mto, nusu saa nzima, matusi juu. Ndo nikajua mji wote unakuja hapa jioni, maji yawepo yasiwepo.

Leteni zenu.

dadaNesi
Kaka Msukuma umenikumbusha mbali. Mie nilikuwa Dubbo, nyumba ya wazee, 2019 hiyo. Dubbo ni mji mkubwa kidogo na mto wake ni Macquarie, kuna njia nzuri ya baiskeli na miguu inafuata mto inaitwa Tracker Riley, jina la Mwaborijini, mwenyeji wa asili, aliyekuwa anafuata nyayo za wahalifu kwa niaba ya polisi. Mto haukukauka kabisa kwa sababu unalishwa na bwawa la Burrendong, ila bwawa lenyewe mwanzoni mwa 2020 lilishuka chini ya asilimia 2. Mbili jamani. Tukawa tunaambiwa kumwagilia bustani mwisho, na wazee wangu ndani wanalia maua yao wamepanda miaka na miaka.

Jioni kangaruu wamejaa kwenye nyasi za kando ya mto, porini hakuna kitu. Unapita katikati yao hawajali, wamekonda mbavu nje. Na Dubbo kuna zuu kubwa ina twiga na faru na simba, jioni upepo ukija upande ule ninasikia simba. Nimezaliwa Morogoro sijawahi kusikia simba, nimekuja kumsikia Australia!

Januari 2020 tuko njiani na mwenzangu wa kazini, tukaona kitu chekundu kinatoka magharibi, kirefu kuliko majengo, mi nikadhani moto maana mwaka ule kila mahali ni moto. Vumbi. Tulikimbia tukajifunika kwenye kibanda cha kuchomea nyama pale bustanini, ikawa usiku mtupu, meno yanasaga mchanga. Ukipiga chafya unatoa udongo.

Mkimbiaji254
Niaje wadau. Mimi ni wa Alice Springs, hapa sasa ndio mto mkavu wenyewe, hiyo yenu ya Darling ni mto uliokauka, huu wetu wa Todd ukavu ndio hali yake. Mchanga mweupe mwanzo mwisho, mikaratusi mikubwa imesimama katikati ya mto. Kwetu kaskazini tunaita laga, kwa hivyo mimi siku ya kwanza nilijiskia niko home. Maji yanakuja siku chache kwa mwaka, yakija yanakuja kwa fujo, halafu mji wote unatoka nje na watoto na mbwa kuangalia. Wenyeji wanasema ukiona Todd ikitiririka mara tatu basi wewe ni wa hapa. Mimi bado.

Sasa skizeni hii mtadhani nawadanganya. Kila Agosti wanafanya mashindano ya mashua ndani ya mto huo mkavu, yameanza 1962. Mashua hazina chini, watu wanaingia ndani wanashika fremu kiunoni wanakimbia na miguu kwa mchanga. 1993 wakafuta, sababu? Mto ulikuwa na maji! Mazee nilicheka mpaka boss akaniuliza niko sawa. Mimi ni mtu wa mbio, nikajiunga na timu ya wafanyikazi wenzangu nikidhani nitawaonyesha Kenya ni nini, wah, mchanga ule hauna heshima kwa pasipoti, tulitolewa raundi ya mapema.

Lakini jioni za kawaida ndio mzuri. Natembea kando ya mto kuanzia saa kumi na mbili hivi, vilima vinageuka rangi, wekundu, zambarau, sijui niiite nini. Kuna familia za Waarrernte na watu wa kutoka vijiji vya mbali wamekaa vikundi vikundi chini ya miti, wanaongea, watoto wanacheza mpira. Watu wengi wa hapa mjini watakuambia usipite huko ni hatari. Mimi nawaambia hivi, salimia. Mtu wetu akipita mahali watu wameketi bila kusalimia anaonekanaje? Basi na huko ni hivyo hivyo. Nimeshaulizwa natoka wapi, mamangu ni nani, kama kwetu kuna ngamia, nikasema wako wengi, mama mmoja akasema hata huku wako wa porini wengi mpaka wanasumbua. Kweli, waliletwa karne ya 19 wakaachiliwa. Usiku usitembee peke yako kama hujulikani, hiyo ni akili tu, hata Eastleigh ni hivyo.

Na miti. Baadhi ya ile mikaratusi ni mitakatifu kwa wenyewe na sheria inailinda, usivunje tawi usiwashe moto kwa shina. Halafu usipumzike chini yake kiangazi, inaangusha tawi zima bila upepo bila chochote.

Mhehe wa Pawaga
Mimi siko Australia nilisoma huko nikarudi, ila naomba niingie. Hiyo mikaratusi tunayoilaumu nyumbani kwamba inamaliza maji yote, kumbe kwao inasimama kwenye mto mkavu haina wasiwasi, hii dunia.

Msukuma huyo mzee wako alikuwa na hoja. Ukame ulikuwepo, 2019 ndo mwaka wa joto na ukavu zaidi katika kumbukumbu zao, hilo halina ubishi. Lakini mto ule juu kuna mabwawa na mashamba makubwa ya pamba mpaka Queensland, mvua ikinyesha kidogo maji yanashikwa kabla hayajafika chini. Wana mpango wa bonde zima tangu 2012 wa kugawana maji na bado wanagombana mpaka leo. Sisi watu wa Ruaha tunaijua hii. Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi 1993, na sisi tunaokaa chini tunajua kule juu Usangu kuna nini. Mpunga badala ya pamba, basi.

MamaBukavu
Bonjour bandugu. Miye niko Mildura, Kiswahili yangu iko ya Bukavu musinicheke. Hapa tuko Bakongomani na Barundi wengi sababu ya kazi ya zabibu. Siku ya Mungu kisha kanisa tulikuwa tunapeleka batoto Wentworth, pale mito mbili inakutanaka, Murray na Darling. Kuna ngazi ya chuma unapanda unaona yote mbili. 2019 Murray iko na mayi, lakini Darling kule juu zaidi iko sawa shimo, wameweka ukuta ya udongo, juu yake hakuna kitu. Mutoto wangu aliniuliza mama huyu mto amekufa? Nikakosa ya kujibu.

Kisha ile 2020 wakati ya korona mayi ikatoka juu mpaka ikafika. Batu banafungiwa mu nyumba lakini banapiga simu, imefika wapi, imefika wapi, sawa vile banangojea mugeni ya harusi. Miye siku ile nilienda na jirani, muzungu muzee, analia wazi wazi. Miye pia nikalia, sijui nilikuwa nalilia mto ya kwao ao Ruzizi yangu.

Dereva wa BH
Nimesoma zote sasa yangu haina raha. Mimi ni dereva, makazi Broken Hill, na Broken Hill haina mto. Zamani maji yalikuwa yanatoka maziwa ya Menindee, kilomita kama 110, ukame ukayamaliza ndo serikali ikatandaza bomba la kilomita 270 kutoka Murray, likaanza kazi 2019. Ila tukitaka jioni ya mtoni tulikuwa tunaenda Menindee. Unakaa pale karibu na lile zuio wanaloliita Weir 32, unachoma nyama, pelikani wanaelea.

Januari 2019 nilifika jioni moja na jamaa wawili, kabla hujashuka kwenye gari harufu imeshakufikia. Maji hayaonekani, juu ni samaki. Weupe, wamegeuza tumbo, ukingo hadi ukingo. Wale samaki wakubwa wa Murray, kodi wanawaita, wanaishi makumi ya miaka, mwingine urefu wa mtoto wa darasa la pili, wamelala pembeni. Walikadiria kama milioni moja kwa matukio ya kipindi kile. Wakaeleza kwamba maji yalisimama, joto kali, mwani ukazaliana, baridi ikaja ghafla mwani ukafa, hewa ya oksijeni majini ikaisha. Sawa. Mimi nilichokumbuka ni mama mmoja mwenyeji amesimama ukingoni hasemi kitu, sisi watatu weusi wageni tukasimama nyuma yake kama msibani, tukavua kofia. Nyama tuliyobeba tulirudi nayo.

Mhehe wa Pawaga
Pole sana dereva. Niongeze tu watu wasichanganye, ile nyingine ya Machi 2023 pale pale Menindee, samaki mamilioni, haikuwa ukame. Maji yalikuwepo tena mafuriko yametoka kupungua, takataka zikaoza zikala oksijeni. Kwa hiyo maji kuwepo peke yake sio jibu.

BintiPemba
Assalaam alaykum. Mume wangu alifanya kazi Bourke kabla ya kuhamia mjini, kaka Msukuma umesahau kuwatajia makaburini. Kule makaburi ya Bourke kuna kijimsikiti cha mabati, kidogo mno, cha wale Waislamu waliokuja na ngamia, Waafghani wanawaita ingawa wengine walitoka pande za Hindi. Sisi jioni yetu ya Alkhamis ilikuwa huko kwanza, tunawasomea, ndio tunashuka mtoni.

Na mto ukikauka usikae Bourke tu, nenda Brewarrina, kama kilomita mia moja. Kuna mitego ya samaki ya mawe, kuta za duara duara ndani ya mto, ya zamani mno, watu wa makabila mbalimbali walikuwa wanakutana hapo kugawana samaki. Maji yakiwa mengi huioni. Tulipofika maji yalikuwa membamba, kuta zote ziko wazi. Baba yangu ni mtu wa wando, uzio wa kutegea samaki, nikampigia video, akaniambia nisogeze simu karibu na mlango wa duara, akatazama, akasema hawa wanajua maji yanavyokwenda. Akaanza kuniuliza maswali ya kasi ya mto, miye nitayajulia wapi.

Msukuma wa Bourke
Dada hiyo ya makaburini sikuijua, miaka yote napita pale na baiskeli! Jumapili naenda.

Kijana Mgeni
Shikamooni wakubwa. Nimepata mkataba Walgett, naanza karibuni. Mto upo? Na nyoka?

dadaNesi
Marhaba mdogo wangu. Walgett ina mito miwili, Namoi na Barwon, jioni utazungukia unaotaka. Wakati wa ukame ule yote ilikauka mji ukanywa maji ya kisima kirefu, yana sodiamu nyingi, kwa hiyo ukiwa na presha au una mzazi utakayemleta, muulize daktari wa pale mapema. Na ukiona kibao chekundu cha mwani mtoni usiguse maji.

Dereva wa BH
Nyoka wapo, wale wa kahawia ndo wabaya. Viatu vya kufunika, tochi, pita katikati ya njia usipite kwenye nyasi. Na usiendeshe gari jua linapozama, kangaruu watakumaliza bampa mkataba wenyewe hujaanza.

Msukuma wa Bourke
Karibu sana kijana, Walgett na Bourke ni majirani kwa hesabu za huku, masaa matatu hivi. Mbuzi wa porini wamejaa upande huu na bei yake utacheka. Namba ya muuzaji nakutumia pembeni.