Gia ya kurudi nyuma inakwaruza injini ikipata moto: je, klachi imekwisha au ni silinda zake?

Mwenye Pikapu (swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijaruhusu giaboksi ya pikapu yangu ishushwe. Gari ni la dizeli, lina gia tano za mkono, na klachi yake inaendeshwa kwa mafuta ya breki, si kwa kebo. Asubuhi gia zote huingia bila taabu, lakini nikishaendesha kwa muda, na hasa nikiwa kwenye foleni inayonilazimu kukanyaga klachi kila mara, gia ya kwanza huwa ngumu na ile ya kurudi nyuma hukwaruza vibaya. Pedeli nayo hulegea, ikawa inashika karibu kabisa na sakafu. Nikiipampu mara mbili tatu kwa haraka, gia huingia tena kama kawaida.

Gari halijapungua nguvu mlimani, hata likiwa na mzigo, wala sijawahi kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Fundi niliyemwonyesha aliliendesha kidogo, akasema klachi imekwisha na kwamba nibadilishe klachi pleti (sahani inayopokea nguvu ya injini), presha pleti (inayoibana sahani hiyo) na rilizi beringi (inayoifanya iachie) kwa pamoja. Sina nia ya kumvunjia heshima, ila hakufungua boneti wala hakuingia chini ya gari. Je, dalili hizi zinaelekea kweli kwenye klachi pleti? Na kuna vipimo gani ninavyoweza kufanya mwenyewe ili nijue kabla ya kufungua chochote?

Fundi wa Gia

Ndugu muulizaji, umeeleza dalili zako vizuri, na ndani ya maelezo hayo jibu limeshaanza kuonekana. Klachi huharibika kwa namna mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni klachi inayoteleza, yaani unakanyaga mafuta, injini inapandisha mzunguko, lakini gari haliongezi mwendo kwa kiasi hicho. Hiyo ndiyo dalili ya klachi pleti iliyolika, au iliyorukiwa na oili. Namna ya pili ni klachi isiyoachia, yaani umekanyaga pedeli hadi mwisho lakini pleti bado inaburutwa na flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini), shafti ya kuingilia giaboksi inaendelea kuzunguka, na gia inakataa kuingia. Gia ya kurudi nyuma ndiyo hulalamika kwanza kwa sababu katika giaboksi nyingi haina singronaiza ya kulinganisha mizunguko. Tatizo lako ni la namna hii ya pili, na pleti iliyokwisha kwa kulika kwa kawaida haileti dalili hiyo.

Lenye uzito zaidi ni hilo la kupampu. Pleti haiwezi kupona kwa sababu umekanyaga pedeli mara tatu. Kinachobadilika unapopampu ni kiasi cha mafuta yanayosukumwa, kwa hiyo mimi ningeanza na mfumo wa mafuta: silinda ya juu iliyo nyuma ya pedeli, silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, na mpira unaoziunganisha.

Anza kwa kuangalia kikopo cha mafuta ya klachi. Kama kiwango kimeshuka, mafuta yanatoka mahali fulani. Kisha ingiza mkono juu ya pedeli, pale kifimbo cha pedeli kinapoingia ukutani, uone kama pana unyevu, maana silinda ya juu ikivuja kwa nyuma mafuta huteremka ndani ya gari na kulowesha zulia. Halafu nenda chini ya gari, gari likiwa limezimwa, liko mahali tambarare, limefungwa breki ya mkono na kuwekewa vizuizi kwenye magurudumu. Inua taratibu ukingo wa mpira wa vumbi wa silinda ya chini. Ndani yake panapaswa kuwa pakavu. Yakitiririka mafuta meusi, sili yake imekwisha.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote, nacho kinahitaji mtu wa pili. Akanyage pedeli hadi mwisho huku wewe ukipima kwa rula kifimbo cha silinda ya chini kinasogeza uma wa klachi, yaani mkono wa chuma unaosukuma rilizi beringi, kwa umbali gani. Katika pikapu nyingi ni kati ya milimita 10 na 15 hivi, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pima gari likiwa la baridi, kisha upime tena mara tu unaporudi na tatizo limeshajitokeza. Ukikuta mwendo umepungua, usimruhusu mtu ashushe giaboksi. Ukikuta mwendo ni kamili na bado gia zinakwaruza, hapo kosa liko ndani, na hapana budi kushusha.

Dereva wa Masafa

Naunga mkono, na naongeza jambo moja kuhusu silinda ya juu, kwa kuwa yenyewe inaweza kufa bila kuvuja hata tone nje. Sili ya ndani ikilika, mafuta hupita pembeni mwa pistoni na kurudi kwenye kikopo, kiwango hakishuki, na kila kitu kinaonekana kikavu. Ili kuibaini, simama mahali tambarare pasipo na mtu wala kitu mbele yako, kanyaga klachi hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza, kisha ushikilie pedeli bila kuipampu huku mguu wa kulia ukiwa tayari juu ya breki. Kama baada ya muda mfupi gari linaanza kujivuta lenyewe, ilhali mguu wako haujasogea, shinikizo linapotea ndani ya silinda ya juu.

Usisahau pia mpira wenyewe. Mpira uliozeeka huvimba unapokanyaga pedeli, na ukipita karibu na bomba la moshi joto huulainisha zaidi, hivyo sehemu ya nguvu ya mguu wako inaishia kuutanua badala ya kusukuma uma. Mwambie huyo msaidizi akanyage huku umeushika. Ukiusikia unajaa mkononi, ubadilishe.

Mwenye Pikapu

Nawashukuru sana. Nimefanya vipimo vyote. Kikopo kilikuwa chini ya alama ya chini, na mafuta yake yalikuwa na rangi ya kahawa. Nyuma ya pedeli ni pakavu. Nilipoinua mpira wa vumbi wa silinda ya chini, mafuta meusi yenye tope la vumbi yalinimwagikia vidoleni. Gari likiwa la baridi, kifimbo kilisogea milimita 12. Niliporudi kutoka kwenye foleni kilisogea milimita 7 tu, na baada ya kupampu kikarudi kwenye 11. Mpira hauvimbi.

Sasa nauliza: je, ninunue silinda mpya ya chini, au inatosha kubadilisha raba za ndani, yaani sili zake? Na je, ile ya juu niiguse?

Fundi wa Gia

Vipimo vyako vimemaliza ubishi kuhusu giaboksi. Mwendo wa milimita 7 hautoshi kuitenganisha pleti na flaiwili, na kwa kuwa unarudi ukipampu, pleti na presha pleti hazina hatia katika jambo hili.

Kuhusu raba, jibu limo ndani ya silinda yenyewe. Ifungue, uioshe kwa mafuta safi ya breki, kamwe si kwa petroli wala dizeli kwa sababu vitu hivyo huvimbisha raba, kisha upitishe ukucha ndani taratibu na uiangalie kwenye mwanga. Kuta zikiwa laini na zinang'aa, raba mpya zitatosha. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, au ukiona madoa ya kutu yaliyochimba chuma, raba mpya zitakatwa na kovu hilo hilo na utarudi chini ya gari muda si mrefu. Kwa mafuta yaliyofikia rangi uliyoitaja, ninatarajia kutu.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na maji yaliyomo ndiyo yanayolisha kutu na kushusha kiwango cha kuchemka. DOT 3, ambayo ni moja ya aina za mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishafyonza maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwa hiyo yamwage yote, usiongezee juu ya yale ya zamani. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, na usiingize DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine. Yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji mara moja, maana huimenya.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Chomeka kibomba cha plastiki kinachopitisha mwanga kwenye skrubu ya kutolea hewa, na ncha yake ya pili uizamishe katika chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage pedeli taratibu na kuishikilia chini. Wewe ulegeze skrubu, uone mapovu, uikaze, ndipo yeye aachie. Pedeli isiachiwe hata mara moja skrubu ikiwa wazi, na kikopo kisiachwe kikauke, la sivyo mnaanza upya. Endeleeni hadi yatoke mafuta safi yasiyo na povu.

Dereva wa Masafa

Fundi hakugusia swali lako kuhusu silinda ya juu; mimi ningeibadilisha pamoja na ya chini. Zote mbili zimetumia mafuta yale yale machafu, na mara nyingi ile iliyobaki huanza kuvuja baada ya mwenzake kurudishiwa nguvu.

Ukiibadilisha, kuna kosa moja ninalokuomba ulikwepe. Kifimbo cha pedeli ni lazima kiwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla hakijaanza kusukuma pistoni. Kikikazwa mno, kitundu cha silinda hiyo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo hubaki kimezibwa, mafuta yakipata joto na kutanuka yanakosa pa kwenda, yanaendelea kusukuma uma, na klachi inaanza kuteleza. Nimeona watu wakiunguza pleti nzima kwa nati moja iliyokazwa kupita kiasi, huku kila mtu akilaumu ubora wa vipuri.

Msomaji Mwingine

Naomba kuuliza hapa hapa: pikapu yangu nimeipima hivyo hivyo, mwendo wa kifimbo ni kamili hata injini ikiwa na moto, na bado gia zinakwaruza. Nitarajie nini giaboksi ikishushwa?

Fundi wa Gia

Kwa hali yako, tazama kwanza uma, kama umepasuka au umelika pale unapokaa juu ya egemeo lake, maana silinda inaweza kuusukuma kikamilifu na mwendo ukapotelea hapo. Kisha tazama beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Ikikwama, huzungusha shafti ya giaboksi hata pleti ikiwa imeachia. Pleti yenyewe inaweza kuwa imepinda, springi zake zimevunjika, au meno yake yameota kutu hivyo haitelezi juu ya shafti. Unapofunga, paka grisi nyembamba sana kwenye meno hayo, tumia shafti ya kuelekezea ili pleti ikae katikati, na kaza bolti za presha pleti kwa kupokezana, kila moja kidogo kidogo, ili isipinde. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, kwa sababu pleti za zamani huweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu; lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Mwenye Pikapu

Silinda ya chini ilikuwa na mashimo ya kutu kama ilivyotarajiwa, kwa hiyo nimefunga mpya, na ile ya juu pia nimeibadilisha, nikaacha nafasi ya kifimbo kwa kufuata kitabu. Baada ya kutoa hewa, kifimbo kinasogea milimita 13 gari likiwa la baridi, na 13 hizo hizo baada ya foleni. Gia ya kurudi nyuma inaingia kimya. Fundi wangu nimemwonyesha vipimo na ile silinda ya zamani, naye amekubali kwamba giaboksi ibaki ilipo.