Makaburi ya Chopin, Sienkiewicz na wenzao: nianzie wapi?

Barani_Malindi
Assalaam aleikum jamaa. Tunatoka Malindi, wawili, na tutakuwa Poland kuanzia 30 Oktoba: siku mbili Warszawa, kisha 1 na 2 Novemba Kraków. Nia ni kuzuru makaburi ya Chopin mtunzi wa muziki, Mickiewicz mshairi, Kapuściński mwandishi wa habari, na Sienkiewicz mwandishi wa riwaya, yule aliyefika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891. Orodha za mtandaoni zinagongana. Moja yasema Chopin yuko Paris, nyingine Warszawa. Ipi ya kushika?

Mkomani
Waaleikum salaam. Shika zote mbili. Mwili uko Paris, mava ya Père Lachaise, sehemu ya 11. Moyo wake dada yake Ludwika aliurudisha kwao ndani ya chupa ya pombe kali, na sasa umejengewa ndani ya nguzo, upande wa kushoto, katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu, barabara ya Krakowskie Przedmieście. Wajerumani waliutoa wakati wa vita, ukarudishwa 17 Oktoba 1945. Moyo wa Reymont, mwandishi wa riwaya, umo kanisa hilo hilo, mwili wake uko Powązki, mava ya Warszawa. Ukienda Powązki kumuulizia Chopin utaonyeshwa kaburi la wazazi wake, na watu huondoka wakidhani wamemzuru mwenyewe.

Kwa kila jina uliza mambo matatu: alifia wapi, alizikwa wapi kwanza, yuko wapi leo. Tangu 1795 hadi 1918 hapakuwa na dola ya Poland, kwa hivyo wengi walifia ugenini na mifupa ikafuata baadaye. Mickiewicz alifia Istanbul 1855, akazikwa Montmorency karibu na Paris, akahamishiwa kanisa kuu la Wawel, kilima cha wafalme huko Kraków, 1890. Sienkiewicz alifia Vevey, Uswisi, 1916. Tangu 1924 yuko chini ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, mji wa kale wa Warszawa. Aliyeandika orodha akikomea kwenye kaburi la kwanza, ndiyo hiyo migongano unayoiona.

Wawel utawapata pia washairi Słowacki, aliyeletwa kutoka Montmartre, Paris, 1927, na Norwid.

Langoni_Amu
Maalim Mkomani, hapo kwa Norwid sikubali. Mifupa yake iliishia katika kaburi la pamoja Montmorency, haikuweza kutengwa na ya wengine. Kilicholetwa Wawel mwaka 2001 ni udongo wa kaburi hilo. Ni ukumbusho tu, hakuzikwa pale.

Bwana Barani, Powązki ziko mbili, na zote ziko mtaa wa Powązkowska. Stare Powązki, ya tangu 1790, ndiko waliko waandishi Prus, Reymont na Herbert, na watunzi wa muziki Moniuszko na Lutosławski. Kapuściński yuko ile ya kijeshi, Powązki Wojskowe. Dereva wa teksi mtajie jina zima. Kaburi hutafutwa kwa *kwatera* (sehemu), *rząd* (safu) na nambari. Ziandike kabla hujafika, maana ukiingia na jina tupu utazunguka mpaka miguu ife ganzi. Juu ya mawe utaona *Ś.P.*, ndiyo "marehemu" yao. Na majina hubadilika mwisho: kaburi la Chopin wataandika *Chopina*, usidhani ni mtu mwingine.

Sasa tarehe. 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, taifa zima liko makaburini na mishumaa ya vioo. Maduka hufungwa, nunua chakula tarehe 31. Jua huzama kama saa kumi jioni, si kama huku kwetu. Siku hiyo nenda Rakowicki, mava ya Kraków, waliko Matejko mchoraji na Szymborska mshairi, lakini nenda kutazama taa. Kutafuta safu na nambari katikati ya umati ule ni kujitesa. Wawel na Skałka, kanisa lenye makaburi chini yake, ziachie tarehe 2. Pale Wawel tiketi ya kanisa kuu si ile ya jumba la kifalme, wengi hununua isiyo yao wakazuiwa mlangoni. Skałka ni kama dakika 15 kwa miguu kutoka hapo: wamo Wyspiański mwandishi na mchoraji, Szymanowski mtunzi wa muziki, na Miłosz mshairi. Moyo wa Szymanowski usiutafute, uliangamia Warszawa 1944.

Barani_Malindi
Ahsanteni sana. Na Witkacy, yule mwandishi na mchoraji? Nimeona yuko Zakopane, mji wa milimani.

Mkomani
Langoni, nimekubali kwa Norwid.

Witkacy jina lake liko Zakopane, mava ya Pęksowy Brzyzek, ila mwenyewe hayuko. Alijiua Septemba 1939 kijiji cha Jeziory, leo ni Ukraine. Mwaka 1988 wakaleta mifupa kwa heshima zote, wakaizika katika kaburi la mama yake. Walipofukua 1994 wakakuta ni ya mwanamke. Kwa siku zako nne, Zakopane iache. Ukipata saa moja ya ziada Kraków, mzuru Penderecki, mtunzi wa muziki, katika Kanisa la Petro na Paulo: alifariki Machi 2020, akazikwa Machi 2022, kwa hivyo orodha za zamani hazina kaburi lake.