PS1 kwenye TV bapa: picha ina meno ya kitana

Chumbageni, Tanga: Wakuu, nimeunga PS1 ya PAL (mfumo wa TV wa 50Hz) kwenye TV ya 1080p (mistari 1080) kupitia kiboksi cha AV kwenda HDMI. Vitu vikikimbia vinatoa meno ya kitana, rangi nyekundu inavuja, na picha imevutwa upana. Nirekebishe wapi?

Jibu: Upana ni rahisi: weka 4:3 kwenye TV, washa hali ya gemu. Meno hayatoki kwenye TV. Michezo mingi ya PS1 ya PAL hutoa fremu kamili za mistari 288. Kiboksi rahisi hudhani ni nusu mbili za 576i (picha ya mistari 576 inayotumwa nusu kwa nusu), kinazisuka pamoja. Hapo hakuna cha kurekebisha, badilisha kifaa: OSSC au RetroTINK 5X, vinavyozidisha mistari ya konsoli za zamani. Nyekundu inavuja kwa sababu waya wa njano hubeba mwangaza na rangi kwa pamoja. Chukua waya wa SCART (plagi pana ya pini nyingi) wenye RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja na njia yake. PS1 hutoa RGB bila kufunguliwa.

Jibu: Naongezea hesabu ya kuzidisha mistari ikaribie 1080. 288×3 ni 864, inaacha pindo nyeusi. 288×4 ni 1152, inazidi 1080 kwa 72, yaani unapoteza mistari 18 ya asili (72÷4): 9 juu na 9 chini. Chagua hiyo: kwenye michezo mingi ya PAL kingo hizo ni nyeusi tupu. Hakikisha TV inapokea 50Hz. Na kwa hewa ya chumvi ya Tanga, futa pini za plagi kwa spiriti kwanza. Kutu huleta chenga zisizoondoka kwa mpangilio wowote.

Chumbageni, Tanga: OSSC ikiwekwa 4x, TV inaandika hakuna mawimbi?

Jibu: Shuka 3x, kisha 2x. TV nyingi hukataa saizi zisizo za kawaida.