Zawadi za mwisho wa mwaka kwa kampuni tunazofanya nazo biashara: nitoe nini?

MwanaBuhongwa:
Wakuu, habari za leo. Nina duka la vifaa vya ujenzi Buhongwa, Mwanza. Kila Desemba mawakala wa saruji na rangi wananiletea kalenda, fulana na miavuli, mimi napokea tu. Safari hii nataka na mimi nitoe: kwa hao mawakala, kwa kampuni mbili za ujenzi zinazochukua mzigo kwangu, na kwa mafundi. Bajeti laki sita. Nitoe nini kisiishie kabatini? Halafu afisa manunuzi wa kampuni moja ameshaniuliza, "Na yangu ipo?" Nawasilisha.

Mzee wa Bati:
Mkuu, laki sita ukiitawanya kwa wote utaambulia kalamu zinazokauka kabla ya Pasaka. Weka nguvu kwa mafundi, ndio wanaomwelekeza mwenye nyumba akanunue wapi. Mpe kila fundi futi ya kupimia ya mita tano, jina la duka na namba ya simu vikae kwenye ganda. Ila dai sampuli kwanza, uisugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Nembo ikitoka, achana na huyo mchapaji.

dada_steshenari:
Kalenda agiza kabla ya Novemba. Desemba wachapaji wamezidiwa, utapokea Januari ukuta umeshajaa za wenzako. Na usifungie kwenye mfuko wa plastiki, marufuku tangu Juni 2019. Mfuko mbadala wenye nembo nao ni zawadi.

Mhasibu_Kirumba:
Huyo afisa muogope. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii serikalini, inamgusa hata mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili akupendelee kwenye kazi ya mwajiri wake. Peleka diari mapokezi na barua kwa mkurugenzi, wakusainie. Bahasha, hapana. Na mchapaji akupe risiti ya EFD, usije ukabishana na TRA kuhusu hiyo laki sita.

Mzee wa Bati:
Kweli, ila afisa akinuna malipo yanalala mezani kwake.

Mhasibu_Kirumba:
Yakilala, mfuate mkurugenzi, deni ni halali yako. Ukimpa Desemba, ikifika sikukuu ya Idi atakukumbusha.

MwanaBuhongwa:
Nimewaelewa. Futi kwa mafundi, diari mapokezi. Na mawakala wa saruji?

dada_steshenari:
Hao walipe kwa wakati, na kalenda yao itundike mbele ya kaunta. Vikombe wanavyo tele.