Mdomo umepinda ghafla: nitajuaje ni kiharusi, na nifanye nini kabla ya kufika hospitali?

Kisimani:
Wakuu habari. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Mtu mzima akibadilika ghafla, mdomo umekwenda upande na maneno hayaeleweki, unapimaje kwamba ni kiharusi na si uchovu au presha tu imepanda? Je, nimpe aspirini, au kidonge chake cha presha? Na akirudi sawa baada ya robo saa, bado kuna haja ya kukimbizana na hospitali usiku huohuo, au asubuhi inatosha?

Muuguzi_Zamu:
Mkuu, anza na vipimo vitatu, havizidi dakika moja.

Uso: mwambie aonyeshe meno. Tazama mkunjo unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo; upande uliolegea mkunjo huo hufutika.

Mikono: anyooshe yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe hesabu hadi 10. Watu wengi husubiri mkono uanguke pu! Mara nyingi hauanguki. Kiganja kinaanza kugeukia ndani, kisha mkono unashuka polepole. Macho lazima yafumbwe, kwani akiuona unashuka ataurudisha juu na wewe utasema yuko sawa.

Usemi: mpe sentensi fupi airudie, kisha mwagize jambo, mfano "gusa pua yako". Kuna wanaovuta maneno kama mlevi, kuna wanaotiririka vizuri lakini maneno hayana maana, na kuna wasioelewa wanachoambiwa. Kimoja tu kati ya vitatu kikiwa na kasoro iliyoanza ghafla, piga simu ya dharura.

Ila vipimo hivyo vina tundu. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kuvipita vyote: mtu anasikia kizunguzungu kikali, anatapika, na akisimama anatanua miguu na kuegemea upande mmoja. Huyu ndiye anayeambiwa kalewa au kala kitu kibaya. Ongeza pia kutoona ghafla kwa jicho moja au nusu ya anachokitazama, na kichwa kuuma kwa ukali ambao hajawahi kuuona maishani, tena mara moja.

Na usimpe kura mgonjwa. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya asitambue kabisa kwamba mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Atakuapia kuwa ni mzima.

Fundi wa Dozi:
Kuhusu dawa: aspirini hapana, kidonge cha presha hapana.

Viharusi vingi hutokana na mshipa kuziba, vingine mshipa umepasuka na damu inavuja. Kwa nje vinafanana, hata daktari hawezi kuvitenganisha bila picha ya CT skani. Ukimpa aspirini aliyepasuka mshipa, unaizuia damu kuganda pale inapotakiwa igande. Aspirini ina nafasi yake, lakini baada ya picha.

Presha nayo: mshipa ukiziba, mwili mara nyingi huipandisha ili damu ijipenyeze kwenye sehemu ya ubongo ambayo bado haijafa. Ukiishusha kwa kishindo, sehemu hiyo inakosa hata kile kidogo ilichokuwa ikipata. Hospitalini, kama hatapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa kawaida presha huachwa hadi 220/120. Akipewa dawa hiyo, ishushwe kwanza iwe chini ya 185/110. Hiyo si hesabu ya kufanyia nyumbani kwa kidonge cha chini ya ulimi.

Mdomoni kisipite kitu, hata maji. Koo linaweza kuwa limelegea, kinywaji kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Kama kipimo cha sukari kiko karibu, pima: sukari ya chini, yaani chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine za mg/dL), huweza kuiga kiharusi, udhaifu wa upande mmoja ukiwemo. Wasomee namba hiyo watu wa dharura kwenye simu wakuelekeze. Usiache kuondoka kwa ajili ya kutafuta mashine.

Zile jumbe za kumchoma ncha za vidole kwa sindano damu itoke, zifute. Mshipa uliozibika uko kichwani.

Kisimani:
Shukrani. Na suala la muda? Nasikia saa 4 na nusu.

Nusukaputi:
Ndiyo, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, lakini zinahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, siyo tangu mlipomkuta. Alilala saa 4 usiku akiwa mzima, akaamka saa 12 asubuhi mkono umelegea: zimeshapita saa 8. Hata hivyo msikate tamaa nyumbani. Kuna hospitali zinazoweza kuamua kwa kipimo cha MRI, na kulivuta bonge kwa mrija hufanyika kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24. Ukifika hospitali zikiwa zimepita karibu saa nne tangu hapo, unakaribia kukosa, maana kuna picha na vipimo kabla ya sindano.

Kwa hiyo uliza kwa simu ni hospitali gani ina CT skani inayofanya kazi sasa hivi. Kituo cha jirani kisicho nayo kitawaandikia rufaa tu, isipokuwa kama mgonjwa anapumua kwa shida; hapo nendeni pa karibu. Bebeni dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, na mjue alimeza lini mara ya mwisho. Aliyemwona wa mwisho akiwa mzima aende naye au awe hewani. Mgonjwa akisinzia au kutapika, mlazeni ubavu. Msimnyanyue kwa kuvuta mkono uliolegea, bega huchomoka kirahisi.

Akirudi sawa baada ya robo saa, nendeni usiku huohuo. Hicho ni kiharusi cha kupita, na hatari ya kufuatiwa na kikubwa iko juu zaidi katika saa 48 za mwanzo. Chanzo chake, kama mshipa wa shingo uliosinyaa au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, bado kipo palepale.

Muuguzi_Zamu:
Kabla hajatokea wa kusema "mbona ni mshipa wa uso tu": kweli upo ugonjwa wa neva ya uso unaopinda mdomo, na huo kwa kawaida hulegeza hadi paji, nyusi hainyanyuki. Kwenye kiharusi paji mara nyingi hubaki linakunjika. Lakini kuna viharusi vinavyoivunja kanuni hiyo, kwa hiyo tofauti hiyo mwachieni daktari aitafute, mgonjwa akiwa tayari kitandani kwake.