Tupeane uzoefu: ufungaji wa Alan Shearer, kipi kinafundishika?

Wakuu, mabao yake 260 katika mechi 441 za Ligi Kuu ya England hayajafikiwa mpaka leo. Harry Kane aliondoka kwenye ligi hiyo na 213. Wanaonoa mastraika, kipi cha Shearer kinafundishika? Stori za kijiweni tuziache.

#2
Penalti. Alifunga 56, akakosa 11, na silaha ilikuwa nguvu, si mbwembwe. Chagua upande kabla ya kutenga mpira, piga kwa mgongo wa mguu. Wengi huharibu kwa kubadili mawazo katikati ya mbio: mguu wa kusimamia unachelewa, mwili unalala nyuma, mpira unapaa.

#3
Mkuu, penalti ni sehemu ndogo tu. Akiwa Blackburn msimu wa 1994/95 alifunga 34, penalti 10. Mengine tafuta kwenye krosi: winga Ripley kulia, winga Wilcox kushoto, na straika mwenzake Sutton ndani akimvuta beki mmoja. Shearer na Sutton walifunga 49 kati ya mabao 80 ya timu. Mpe straika huyu mawinga wanaokata ndani kila saa, atashinda njaa.

Kosa kubwa la vijana ni kuwahi boksi. Akae nyuma ya bega la beki, pale beki asipoweza kumwona yeye na mpira kwa pamoja. Winga akiinua kichwa, hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, kisha akate mbele. Aliyewahi hupiga kichwa akiwa amesimama, na mpira huo kipa anaudaka tu.

#4
Msisahau majeraha. Goti Desemba 1992, akiwa na mabao 16 katika mechi 21. Kifundo Julai 1997; alirudi Januari, akaambulia mabao 2 ya ligi msimu ule. Baadaye akategemea zaidi kukinga mpira: miguu ipanuke, magoti yakunjwe, mkono umpime beki bila kumsukuma. Usimwegemee kabla hajakugusa. Akijitoa, unakaa chini.

#5
Hapo kuna mtego. Kuligeuzia goli mgongo kukizidi ni ugonjwa. Agosti 1999 Gullit, kocha wake Newcastle, alimweka benchi dhidi ya Sunderland. Kocha mpya Bobby Robson alipofika akamtaka afungue mwili, akimbie nyuma ya mabeki. Septemba 19 Newcastle wakaipiga Sheffield Wednesday 8-0, matano yake. Msimu akaumaliza na 23 za ligi.

Zoezi: pokea, rudisha kwa kiungo kwa mguso mmoja, geuka papo hapo, kimbia mita 15 nyuma ya beki. Akisimama kuangalia pasi yake, kiungo anakosa wa kumpa.

#6
Kwa chini ya miaka 15, mita 8 zinatosha. Mara sita, kisha wapumzike. Wakichoka, mguso ule wa kwanza ndio unaoanza kuharibika.