Mashine ndogo ya eksirei ya meno inatosha hadi wapi, na lini mgonjwa apelekwe OPG au CBCT?

tabibu_wa_kinywa

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu mlio karibu na picha za meno. Kituo kina mashine ndogo ya ukutani, 70 kV na 7 mA, pamoja na sensa moja ya dijitali (kibamba cha kunasa picha ndani ya mdomo), saizi namba 2. OPG, picha moja pana ya taya na meno yote, iko hospitali ya mkoa. CBCT, yaani CT ya taya inayoonyesha pande tatu, ni mpaka mjini, kwa watu binafsi, na bei yake mnaijua. Wagonjwa wanakuja na karatasi iliyoandikwa "X-ray ya jino" basi, na wengine wanadai "ile kubwa ya meno yote" wakiamini kubwa ndiyo bora.

Picha ipi inajibu swali gani? La pili: magego ya juu yanatoka na mizizi mirefu kupita kiasi, halafu picha inayofuata mizizi ni mifupi kama visiki. Kosa liko wapi?

Dkt_Magego

Mkuu, hiyo mashine ndogo itakumalizia kazi nyingi kuliko wagonjwa wanavyodhani. OPG inaonyesha eneo pana, lakini kwa undani wa jino moja haiifikii picha ndogo ya ndani ya mdomo. Tundu dogo kati ya magego mawili linaweza kupotea kabisa kwenye OPG.

Kwa jino linalouma, piga periapiko. Inachukua jino zima, kuanzia taji hadi ncha ya mzizi, na mfupa wa milimita 2 hadi 3 kupita hapo. Jipu, jino lililovunjika, mzizi uliopinda kabla ya kung'oa, yote ni humo. Kwa kutibu mzizi utahitaji angalau tatu: ya kabla ya kuanza, ya kupima urefu faili (sindano ya kusafishia mzizi) ikiwa ndani ya mfereji, na ya baada ya kujaza. Ncha ikikatika kwenye picha, picha hiyo haijajibu swali, irudie.

Kama unatafuta kutoboka kati ya jino na jino, mahali ambapo kioo na jicho havifiki, piga bitewingi. Mgonjwa anauma kishikio, unapata taji za juu na za chini kwa pamoja na ukingo wa mfupa. Ncha za mizizi hazimo, kwa hiyo usitafutie jipu humo. Mtu mzima ambaye meno yake yanaoza haraka hupigwa kila miezi 6 hadi 18. Mwenye hatari ndogo anaweza kukaa miezi 24 hadi 36. Kama fizi zimeshuka sana, isimamishe sensa wima ili uone mfupa zaidi.

Okluzo, ambapo filamu hulazwa kati ya meno ya juu na ya chini, hutumika mara chache, ila ikihitajika haina mbadala rahisi: jiwe kwenye mfereji wa mate chini ya ulimi, au chonge lililokwama kwenye kaakaa. Inataka filamu namba 4, milimita 57 kwa 76. Sensa yako haitoshi kwa mtu mzima, ila kwa meno ya mbele ya mtoto mdogo inatosha.

Na hili tafadhali lisisahaulike. Jipu changa halionekani. Mfupa unapaswa kupoteza kama theluthi hadi nusu ya madini yake ndipo weusi utokee kwenye picha. Mgonjwa ameanza kuumwa jana, picha ni safi, anaambiwa jino ni zima na kurudishwa na panado: hapo tumemwonea. Ligonge jino, lipime kwa baridi, bonyeza fizi. Hizo ndizo zitakuambia.

fundi_picha

Nijibu la mizizi. Ni pembe ya wima. Mrija wa mashine, unakotoka mionzi, ukilala mno, mizizi inarefuka. Ukisimama mno, inafupika, na kwa magego ya juu kivuli cha mfupa wa shavu kinashuka kufunika ncha. Kwa mtindo wa kugawa pembe (miale inalenga mstari unaogawa pembe kati ya jino na sensa), anzia hapa kwa nyuzi, + ni mrija kuelekea chini na - ni kuelekea juu: magego ya juu +20 hadi +30, meno ya mbele ya juu +40 hadi +50, magego ya chini 0 hadi -5, meno ya mbele ya chini -15 hadi -25. Namba hizi zinafanya kazi pale tu kichwa kimekaa sawa, yaani mstari wa kutoka pembeni mwa pua hadi katikati ya sikio uwe sambamba na sakafu unapopiga meno ya juu. Mgonjwa akiegemea nyuma sentimita chache tu, hesabu yote imeharibika.

Dawa yenyewe ni kishikio chenye pete. Sensa iwe sambamba na jino lenyewe, mrija uelekee kwenye pete, kubahatisha kunaisha. Kosa ninaloliona sana ni kuibana sensa kwenye jino. Kaakaa lina mteremko, sensa inalala. Isogeze ndani kuelekea katikati ya kaakaa, kwenye kimo, ndipo itasimama.

Meno yakipandana ni pembe ya ulalo, miale haikupita katikati ya meno. Kona nyeupe tupu yenye ukingo wa duara maana yake mrija haukuifunika sensa yote.

Mizizi miwili ikifichana, mfano gego dogo la kwanza la juu, piga ya pili ukiusogeza mrija kama nyuzi 20 kuelekea mbele. Mzizi uliohama kuufuata mrija uko upande wa ulimi au kaakaa. Uliokwenda kinyume uko upande wa shavu.

Anayetapika kirahisi: anza na meno ya mbele, tegesha muda wa mionzi kabla sensa haijaingia mdomoni, mwambie apumue kwa pua. Chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi husaidia wengi.

Wenye filamu bado: dawa ya kuoshea ni dakika 5 kwa nyuzijoto 20. Huku Pwani maji ya tangi yanakuwa na joto zaidi ya hapo, kwa hiyo fupisha muda kwa kufuata jedwali la mtengenezaji, la sivyo kila picha itatoka nyeusi na lawama iende kwa mashine.

tabibu_wa_kinywa

Ahsanteni sana. Sasa gego la mwisho la chini lililolala, naona periapiko haifiki. Na mama mjamzito nimfanyeje?

Bi_Mionzi

Gego la mwisho peleka OPG. Pia mvunjiko wa taya, uvimbe mkubwa, na mtoto ambaye meno hayajaota kwa wakati. Waambie wahakikishe hereni, mkufu, pini na meno bandia vimetolewa. Hereni moja huleta kivuli chake upande wa pili, juu zaidi na kimetawanyika. Kidevu kikishushwa mno, safu ya meno inajikunja kama tabasamu. Kikiinuliwa inalala bapa na mizizi ya juu inafunikwa. Ulimi usipogusa kaakaa, mkanda mweusi unapita juu ya mizizi ya juu. Shingo ikiinama, uti wa mgongo unaweka weupe katikati, hapo meno ya mbele huyasomi.

Ikirudi, angalia mfereji wa mshipa wa fahamu. Mzizi umekuwa mweusi pale mfereji unapopita? Mstari mweupe wa ukuta wake umekatika? Mfereji umepinda ghafla? Ukiona mojawapo, ndipo CBCT ina haki ya gharama yake, kwa sababu itabadilisha namna ya kung'oa. Nyingine ni kupandikiza jino, ambako unahitaji upana wa mfupa, na OPG haina upana.

Mjamzito mwenye jipu apigwe. Miale haielekezwi tumboni, na maambukizi yakiachwa ndiyo hatari. Picha moja ndogo ya dijitali huwa ni maikrosiveti (kipimo cha mionzi) chache, OPG kama 10 hadi 25, CBCT kuanzia makumi hadi mamia kutegemea ukubwa wa eneo. Mionzi ya asili peke yake ni wastani wa maikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Kuhusu aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri mwaka 2024 kwamba si ya lazima, lakini wewe fuata masharti ya leseni yako ya TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania). Linalopunguza mionzi kweli ni mdomo wa mrija wa mstatili badala ya duara, na kutorudia picha.

fundi_picha

Niongezee kwa @Bi_Mionzi: wewe mwenyewe usimshikie mgonjwa sensa hata siku moja. Simama mita 2, pembeni ya miale au kidogo nyuma ya mrija, kamwe si mbele yake. Mtoto akigoma, mzazi ndiye ashike, akiwa amevaa aproni.